Bunduki Kuukuu za Majeshi: Jinsi Zilivyouzwa na Jinsi ya Kuzipima

Jeshi likipata bunduki mpya, zile za kale huenda wapi? Swali hili laonekana dogo, lakini jibu lake limebeba sehemu kubwa ya habari za nchi zetu. Bunduki haifi upesi kama nguo au jembe. Ikitiwa mafuta na kuwekwa mahali pakavu, chuma chake chaweza kudumu miaka mia na zaidi, na mti wake vile vile. Kwa hiyo serikali ikibadili silaha za askari wake hubaki na ghala zilizojaa vitu vizima visivyotakiwa tena, naye mfanya biashara hufika mlangoni na fedha kidogo. Ndipo bunduki ile huanza maisha yake ya pili, mikononi mwa mtu asiyejua yale ya kwanza yalikuwaje.

Nataka kueleza habari za maisha hayo ya pili, na jinsi mnunuzi mwenye akili apimavyo bunduki ya namna hiyo kabla ya kutoa fedha yake. Siku hizi wanunuzi wengi wako Marekani, ambako bunduki za vita vya 1914 na vya 1939 huuzwa kwa wapendao vitu vya kale na kwa walenga shabaha. Huku kwetu raia hawezi kuwa na silaha bila kibali cha serikali, na mimi naona ni vema iwe hivyo. Lakini ikiwa sisi si wanunuzi leo, wazee wetu walikuwa wanunuzi wakubwa, na bei waliyoitoa ilikuwa nzito.

Yafaa kwanza tujue kwa nini bunduki nyingi sana zilitupwa kwa wakati mmoja. Mwaka 1840 karibu askari wote wa Ulaya walikuwa wakishindilia baruti na risasi kwa mdeki, kupitia mdomo wa kasiba, kama babu zao walivyofanya. Hata mwaka 1866 Waprusia wakawashinda Waaustria, nao walikuwa na bunduki ya Dreyse, itiwayo risasi kwa nyuma. Askari wake aliweza kulala chini na kupiga mara kadhaa huku adui yake amesimama bado anashindilia. Tangu siku zile kila mfalme akatazama bunduki zake akaona ni kuni. Wafaransa wakafanya Chassepot mwaka ule ule wa 1866, na Gras mwaka 1874. Waingereza wakazigeuza Enfield zao kuwa Snider, kisha mwaka 1871 wakachagua Martini-Henry. Wajerumani nao mwaka ule ule wakaichagua bunduki ya Mauser, ambayo tutakutana nayo tena. Kisha mwaka 1886 Wafaransa wakatoa Lebel, yenye baruti mpya isiyofanya moshi mwingi, na kazi yote ya miaka ishirini ikawa ya kale kwa siku moja. Kila badiliko lilimwaga sokoni bunduki elfu kwa elfu.

Mji wa Liège katika Ubelgiji ulikuwa na mafundi wengi wa bunduki, na wafanya biashara wake walinunua hizo kuukuu, wakazitengeneza au kuzipunguza urefu, wakaziuza mbali. Birmingham ya Uingereza nayo ilifanya bunduki rahisi kwa ajili ya Afrika tangu zamani za biashara ya watumwa. Nyingi kati ya hizi zilipigwa chapa ya neno TOWER, ndiyo ngome ya London iliyokuwa ghala ya silaha za mfalme. Watu wa Afrika waliijua chapa hiyo na kuiamini, basi mafundi wa Liège nao wakaipiga juu ya bunduki ambazo hazikupata kuiona London. Mnunuzi aliyeuliza chapa tu alipata chapa tu.

Mlango wa pwani yetu ulikuwa Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alipeleka habari kwa serikali yake kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zaingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Zililipiwa pembe za ndovu, na pembe zilichukuliwa na wapagazi, na wapagazi wengine walikuwa watumwa waliokamatwa kwa bunduki zile zile. Duara hiyo ilizunguka mpaka nchi nyingi za bara zikabaki na viunga vilivyoota majani.

Mwaka 1890, tarehe 2 Julai, mataifa yalitia sahihi mkataba huko Brussels wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake mlikuwa na sharti la silaha. Kutoka nyuzi 20 kaskazini ya mstari wa Ikweta mpaka nyuzi 22 kusini, bunduki zenye mifuo ndani na zile za kisasa zisiuzwe kwa wenyeji. Lakini gumegume, yaani bunduki ya jiwe la kiberiti isiyo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida, viliruhusiwa viendelee. Msomaji na atazame sharti hilo kwa makini. Silaha iliyokuwa imeachwa na majeshi yote ya Ulaya kwa muda wa miaka hamsini ndiyo iliyoonekana yatufaa sisi. Nadhani katika mkataba ule huruma kwa watumwa na hofu ya watawala wapya vilikaa juu ya kiti kimoja.

Si kila mnunuzi wa Afrika aliyekubali kupewa takataka. Mfano mmoja umehifadhiwa vizuri, kwa sababu mwuzaji alikuwa mtu wa kalamu. Jina lake Arthur Rimbaud, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1854. Alipokuwa kijana mdogo alitunga mashairi ambayo hata leo husomwa Ulaya nzima; kisha akayaacha kabisa, akafika Aden mwaka 1880 kutafuta mali, akafanya kazi ya kahawa na ngozi huko Harar. Mwaka 1885 akashirikiana na Mfaransa mwingine, Labatut, wapeleke bunduki kwa Menelik, aliyekuwa mfalme wa Shoa katika Uhabeshi, kabla hajawa mfalme wa wafalme.

Katika barua kwa watu wa nyumbani kwake, mwaka ule wa 1885, Rimbaud hakuficha neno. Aliwaeleza kwamba bidhaa zake ni bunduki za fataki za zamani, zilizoachwa kutumiwa miaka arobaini nyuma. Kwamba kwa wauza silaha kuukuu wa Liège au Ufaransa moja yapatikana kwa faranga saba au nane. Na kwamba Menelik angezinunua kwa kama faranga arobaini. Hesabu ile ilikuwa nzuri juu ya karatasi. Lakini vibali vilikawia miezi mingi pwani ya Tajura. Labatut akaugua, akarudi kwao akafa. Soleillet, msafiri mwingine aliyetaka kufuatana naye, akafa pia. Mwisho Rimbaud akaondoka peke yake mwezi wa Oktoba 1886 na msafara wa ngamia wenye bunduki kama 2,000, akavuka jangwa la Wadanakili, nchi isiyo na maji wala amani. Akafika Ankober mwezi wa Februari 1887.

Mfalme hakuwako. Mwezi wa Januari alikuwa ameuteka mji wa Harar, akarudi Entoto na nyara, na miongoni mwake mizinga miwili ya Krupp iliyochukuliwa na watu themanini kila mmoja. Basi fikiri jinsi bunduki za fataki zilivyoonekana mbele ya mtu aliyetoka kupokea mizinga ya Krupp. Menelik alikuwa mtu apendaye kujua mitambo, na silaha kuliko yote. Alimkataza Rimbaud kuuza moja moja, akautaka mzigo wote pamoja kwa bei ya kukatwa, akamwonya kwamba asipokubali utarudishwa pwani kwa gharama yake mwenyewe. Kisha wakaja wadai wa marehemu Labatut, kila mtu na deni lake. Malipo yenyewe hayakuwa reale mkononi, bali hati ya kulipwa Harar na Makonnen, liwali wa mji ule. Rimbaud akarudi pwani akinung'unika. Miaka tisa baadaye, tarehe 1 Machi 1896, Waitalia walipokutana na jeshi la Menelik huko Adwa, waliona askari wengi sana wenye bunduki zitiwazo risasi kwa nyuma. Na baadhi yake Waitalia wenyewe walikuwa wamempa wakati wa urafiki.

Faida ya Menelik ilikuwa kwamba aliweza kulinganisha: alikuwa na silaha bora karibu, akajua alicholetewa ni nini. Mnunuzi asiye na cha kulinganisha hana budi kuisoma bunduki yenyewe. Nayo husomeka, maana kila mtu aliyeishika ameacha alama yake: fundi aliyeifanya, askari aliyeipiga, mwenye ghala aliyeitoa, na hata mchuuzi aliyeipaka rangi jana.

Kung'aa kwake kutazamwe mwisho. Mti wa bunduki uliokwaruzwa na kutiwa mafuta ya mikono ya askari miaka thelathini ni ushuhuda mzuri. Lakini mti uliopigwa msasa na chuma kilichosuguliwa kikawa kama kioo yapasa kutiliwa shaka, kwa sababu msasa ule ule uondoao kutu huondoa na chapa na namba. Mnunuzi aangalie penye kona. Fundi wa kiwandani huacha kona kali. Mchuuzi msuguaji huziacha zimeviringana kama sabuni iliyotumika.

Jambo la kwanza hasa ni kasiba. Komeo likiondolewa, weka karatasi nyeupe nyuma, kisha chungulia kwa mdomo wa mbele penye mwanga. Ndani mnapasa kuwa na mifuo iliyozunguka kama uzi wa parafujo, yenye kingo zilizo wazi. Ndiyo inayoizungusha risasi ipate kwenda sawa. Mnunuzi akiona vidoto vyeusi kama ngozi ya mgonjwa wa ndui, ajue kwamba kutu imekula chuma. Na kutu hiyo mara nyingi haikutokana na mvua. Kwa miaka mingi fataki za majeshi zilitiwa dawa ambayo ikiungua huacha chumvi ndani ya kasiba, ndugu ya chumvi ya jikoni; na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Askari aliyepiga risasi jioni akalala bila kuosha, alikuta asubuhi kasiba imeanza kuwa nyekundu. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi, maji ndiyo huiyeyusha. Kwa hiyo askari wa Kiingereza walifundishwa kumimina maji ya moto ndani ya kasiba, kisha kuikausha na kuipaka mafuta. Bunduki yenye kasiba safi baada ya miaka themanini yatupa habari za askari mmoja mtiifu, ambaye jina lake hatutalijua kamwe.

Mdomo wa kasiba una habari zake. Askari wengi walisafisha kwa kuvuta kitambaa kwa kamba, wengine kwa kusukuma fimbo ya chuma kutoka mbele. Na kamba yenye mchanga, ikivutwa upande mmoja kila siku, hukata chuma kama vile kamba ya kisima inavyokata jiwe la ukingo. Mdomo ukiisha kupanuka, risasi hutoka ikiyumba. Wapimaji huchukua risasi nzima isiyopigwa na kuingiza ncha yake katika mdomo wa kasiba: ikishuka mpaka ganda liguse chuma, mdomo umekwisha. Warusi walikuwa na dawa yao kwa bunduki zao za Mosin-Nagant: walichimba mdomo kwa ndani, wakaondoa sehemu iliyoharibika, ili mifuo ianze nyuma kidogo. Kwa nje huonekani upungufu wowote. Asiyejua husifu, na ajuaye huchungulia.

Jambo la pili ni komeo, nalo ni jambo la uhai. Baruti ikiwaka katika chemba, nguvu ile ile iisukumayo risasi mbele hulisukuma ganda nyuma, kuelekea uso wa mpigaji. Kilicho kati ya hivi viwili ni komeo. Likiwa limelika, au likiwa la bunduki nyingine, hubaki nafasi nyuma ya ganda. Ganda hunyooka, hupasuka, na moto hutoka nyuma. Nafasi hiyo ni ndogo kuliko unene wa ukucha, na jicho haliwezi kuipima. Mafundi wana vipande viwili vya chuma vilivyofanywa kwa kipimo kamili: cha kwanza lazima komeo lifunge juu yake, cha pili lazima likatae. Likifunga juu ya cha pili, bunduki hiyo haipigwi mpaka itengenezwe. Kwa bunduki ya Kiingereza iitwayo Lee-Enfield Namba 4 walifanya vichwa vya komeo vya ukubwa mbalimbali, 0 mpaka 3, ili fundi wa jeshi achague kinachofaa. Bunduki ya Ross ya Kanada ilikuwa na hatari ya namna yake: komeo lake liliweza kuungwa vibaya na mtu aliyelifungua kulisafisha, likaingia kana kwamba limefunga na kumbe halikufunga, likarudi usoni kwa mshindo. Hii ilikuwa sababu mojawapo ya watu kuiogopa.

Ndiyo maana namba zina thamani. Katika Lee-Enfield namba moja hupigwa juu ya chuma kiishikacho komeo, juu ya kasiba, na juu ya komeo lenyewe. Wajerumani walipiga hata tarakimu mbili za mwisho juu ya vipande vidogo vidogo. Namba zikipatana, vitu hivyo vilifanywa kukaa pamoja. Zisipopatana, si lazima bunduki iwe mbaya, maana majeshi yenyewe yalibadilisha vipande vitani. Lakini mwuzaji hana haki ya kudai bei ya kitu kamili, na mnunuzi hana haki ya kuipiga kabla fundi hajaipima.

Chapa nyingine ni maneno kabisa kwa ajuaye kuyasoma. Kichwa cha mshale chenye mistari mitatu ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Vichwa viwili vikielekeana ncha kwa ncha, maana yake imetolewa jeshini na kuuzwa. Herufi DP ni onyo: bunduki hiyo ilihukumiwa kuwa ya mazoezi ya kwata tu, haifai kupigwa risasi. Herufi hizi mbili hupigwa wazi, nazo ndizo zinazopenda sana kufichwa chini ya rangi. Uingereza ina nyumba za kujaribia bunduki, ile ya London ya tangu karne ya 17 na ile ya Birmingham iliyowekwa kwa sheria mwaka 1813, ambamo kila kasiba hupigwa kwa baruti nyingi kupita kawaida kabla haijauzwa kwa raia. Iliyo dhaifu hupasuka humo chumbani, pasipo mtu.

Lakini liko kosa ambalo jicho, kipimo, wala nyumba ya kujaribia havikulikamata, na habari zake zastahili kuelezwa. Katika kiwanda cha serikali cha Springfield, jimbo la Massachusetts katika Marekani, walifanya bunduki ya mwaka 1903, nzuri sana kwa kulenga. Kile chuma kinachoshika komeo kilitiwa tanuruni, kikapashwa moto, kisha kikazimwa ili kiwe kigumu. Fundi mzee alisimama mlangoni akatazama rangi ya chuma: kikiwa chekundu kadiri aliyoizoea, akakitoa. Walifanya hivyo miaka mingi, nao walikuwa mafundi hodari. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia vitani na kazi ikazidi, bunduki nyingine zikaanza kupasuka mikononi mwa watu, vipande vikiruka kama vya chungu. Wachunguzi wakaleta chombo cha kupimia joto, wakagundua jambo la ajabu. Siku ya jua kali, mwanga ukiingia dirishani, chuma cha moto huonekana cheusi zaidi kuliko kilivyo, na fundi hukiacha tanuruni. Siku ya mawingu huonekana chekundu mapema. Chuma kilichoonekana sawa machoni kilikuwa kimepita joto lililotakiwa kwa nyuzi nyingi, mpaka 300 kwa kipimo cha Fahrenheit. Chuma hicho kilikuwa kimeungua. Kwa nje kilikuwa kigumu, lakini kilivunjika kama kioo.

Mwaka 1918 wakabadili njia ya kukipasha moto. Kwa bunduki za Springfield badiliko lilianza kwenye namba 800,000, na kwa zile za kiwanda cha pili cha Rock Island kwenye namba 285,507. Zilizotangulia zilikuwa zaidi ya milioni moja. Nyingi miongoni mwake hazikuwa na kosa lolote, na zilipigwa maisha yote bila madhara. Lakini hapakuwa na njia ya kuzitenga nzuri na mbaya bila kuzivunja. Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba zikirudi kutengenezwa, chuma kile kitupwe. Na zile zilizokuwa mikononi mwa askari ziliendelea. Nyingine zikawafikia raia. Hata leo mnunuzi wa bunduki hiyo husoma namba kabla ya kutazama kitu kingine chochote, na iliyo chini ya kiasi kile huipachika ukutani.

Tena hata bunduki nzima kabisa yaweza kudhuru kwa sababu ya chakula chake. Wajerumani walipotoa bunduki ya mwaka 1888, upana wa risasi yake ulikuwa milimeta 8.1. Baadaye, katika miaka ya 1903 hadi 1905, wakaleta risasi yenye ncha, ya milimeta 8.2, nayo hukaa katika ganda ambalo mtu akilitazama hawezi kulitofautisha na lile la kwanza. Bunduki zilizotengenezwa upya ili ziipokee zilipigwa herufi S juu ya chemba. Sehemu moja ya kumi ya milimeta si kitu kwa seremala. Lakini kwa risasi inayolazimishwa kupita mahali pembamba, ni sababu ya kasiba kupasuka. Na kwa bunduki nyingine hatari si kupasuka, bali njaa, maana kiwanda cha risasi zake kilifungwa zamani. Gumegume ya mkataba wa Brussels ilikuwa na sifa moja: mhunzi wa kijijini aliweza kuitengeneza, na mwenyewe aliweza kuilisha kipande cha chuma akikosa risasi. Bunduki itiwayo risasi kwa nyuma, ikikosa ganda lake hasa, ni rungu.

Hapa turudi kwenye Mauser ya mwaka 1871 niliyoitaja. Ilikuwa bunduki imara, ya risasi moja kwa kila mara, yenye upana wa milimeta 11, na ilitumia baruti nyeusi. Jeshi la Wajerumani kwao liliiacha ilipopata ile ya 1888. Huku Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ndiyo waliyopewa askari Waafrika. Wahehe walizipata bunduki kama 300 walipomwua Zelewski huko Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Na vita vikuu vilipoanza mwaka 1914, miaka 43 baada ya kubuniwa kwake, kompania nyingi za Schutztruppe zilikuwa nayo bado. Chache tu zilikuwa na ile mpya ya mwaka 1898.

Mtu ambaye angeipima kwa njia nilizoeleza angeisifu: kasiba nzuri, komeo zuri, namba zimepatana. Kosa lake lilikuwa moshi. Kila askari aliyepiga aliinua juu ya kichwa chake wingu jeupe, na adui mwenye baruti isiyo na moshi alilenga chini ya wingu lile. Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi, aliandika mwenyewe baadaye jinsi moshi ule ulivyomfunua mpigaji. Kwa hiyo baada ya kushinda huko Tanga mwezi wa Novemba 1914, furaha yake kubwa ilikuwa nyara: bunduki za kisasa za kutosha kompania tatu, bombomu 16, na risasi 600,000. Mwezi wa Aprili 1915 meli iitwayo Rubens ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapigwa na manowari ya Waingereza, ikazama katika maji machache. Wapiga mbizi wakatoa bunduki 1,800 na risasi nyingi mno. Na kwa kuwa maji ya chumvi yalikuwa yameingia, risasi zilifunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa tena. Hata hivyo nyingi zilikataa kulia.

Zile za 1871 zikaendelea kubebwa, kwa kuwa hapakuwa na badala yake. Tarehe 25 Novemba 1917 jeshi lilivuka mto Ruvuma, likaiteka ngome ya Wareno huko Ngomano. Humo walikuta bunduki mpya na risasi zake, wakagawiwa. Na sehemu kubwa ya zile Mauser za zamani ikaharibiwa pale pale, maana risasi zake zilikuwa zinakwisha wala hazingeweza kuletwa nyingine. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, askari wale wakaweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao Mbala leo. Bunduki zilizohesabiwa zilikuwa 1,071, zote za Kiingereza na za Kireno.